Chungu cha Mboga na Kikombe cha Dawa

   

Katika muhula wa pili, chama chetu cha Kiswahili kilifanya mjadala kuhusu hoja iliyosema kwamba dawa za mitishamba ni bora kuliko dawa za hospitali. Mliokuwepo mnakumbuka kelele zilizokuwa ukumbini siku hiyo. Waliounga mkono walitaja mwarubaini hadi tukachoka kuusikia. Waliopinga wakasema ati mitishamba ni ushamba, na kwamba anayeitumia arudi kuishi pangoni. Spika alipiga meza, kura zikahesabiwa, wapinzani wakashinda kwa kura chache mno. Wakati ulikwisha kabla sijapewa nafasi ya kusema, kwa hivyo ninayasema hapa, ambapo hakuna wa kunipigia kengele.

Maoni yangu ni kwamba pande zote mbili zilizungumza kana kwamba mmea ni kitu kimoja. Kuna mmea ulio chakula, kuna mmea uliotolewa dawa ndani yake ikapimwa, na kuna mmea unaochemshwa na kunywewa kwa kukisia. Hivi vitatu si ndugu hata kidogo. Tena hakuna mahali ambapo tofauti yake inaonekana kinagaubaga kama kwa mtoto ambaye bado yuko tumboni mwa mama yake, akingoja hewa.

Hebu tukumbuke yale tuliyofundishwa katika Biolojia. Mtoto aliye tumboni hapumui kwa mapafu yake. Mapafu yamejaa majimaji. Oksijeni yote anayoitumia hutoka katika damu ya mama. Damu hiyo inafika kwenye kondo la nyuma, oksijeni inavuka ukuta mwembamba sana na kuingia katika damu ya mtoto, kisha inasafiri kupitia kitovu. Damu za wawili hao hazichanganyiki, zinapitiana karibu tu, kama majirani wanaopeana moto juu ya ua. Himoglobini ya mtoto imeumbwa kuikamata oksijeni kwa nguvu kuliko ya mama, la sivyo asingepata chochote. Lakini hana akiba. Njia ikizibwa, ubongo ndio unaoanza kuumia.

Sasa tuangalie nyumbani kwetu. Mji wa Kitale uko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Ukivuta pumzi moja hapa, unapata oksijeni pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano kuliko mtu aliye ufuoni Mombasa. Mji wa Bungoma uko chini yetu kwa mita mia tano hivi, hewa yake ni nzito kidogo, lakini mbu wake wa malaria ni wengi kuliko wetu. Kwa hivyo wale wanaobishana kila jioni bwenini kuhusu mji upi ni bora, wakae chini. Kila upande una lake. Mama mjamzito mwenye damu ya kutosha anaimudu hewa ya Kitale bila taabu. Asiye na damu ya kutosha ndiye anayebeba mizigo miwili, na wa tatu yuko tumboni.

Hapo ndipo chungu cha mboga kinapoingia. Kukhu wangu anaishi upande wa Kimilili na alikuwa mkunga kwa miaka mingi. Mjamzito yeyote aliyefika kwake alipewa sahani ya mboga kabla ya kuulizwa lolote: sageti, managu, mrenda, majani ya kunde, mitoo. Sisi wajukuu tulikuwa tunakunja nyuso. Tulitaka kabeji na nyanya za kukaanga kama watu wa mjini, au kuku, ingawa kuku wenyewe walikuwa wa kuhesabu. Kukhu alikuwa akisema, "Mboga hii ni damu." Mimi nilidhani ni maneno ya kutulazimisha tule.

Kumbe si maneno matupu. Mwishoni mwa miaka ya 1920 daktari mmoja Mwingereza, Lucy Wills, alikwenda Bombay kule India kuchunguza kwa nini wanawake wajawazito waliofanya kazi katika viwanda vya nguo walikuwa wakiishiwa damu. Mwaka wa 1931 alitangaza kwamba wagonjwa hao walipata nafuu walipopewa kitu kilichotengenezwa kwa hamira, kile ambacho Waingereza hupaka kwenye mkate na kukiita Marmite. Hakujua ni nini hasa kilichokuwa ndani yake. Miaka kumi baadaye, mwaka wa 1941, wanasayansi wa Texas, Marekani, walichukua tani nne za spinachi wakaichuja na kuichuja tena hadi wakapata unga kidogo sana. Wakaupa jina kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya jani. Ndiyo hiyo asidi ya foliki tunayoisikia kliniki. Bila hiyo, mwili hauwezi kutengeneza chembe nyekundu za damu zilizokomaa, na bila chembe hizo, hakuna wa kuibeba oksijeni hadi kwenye kondo. Mboga za kukhu zina foleti ya aina hiyo hiyo, pamoja na madini ya chuma ambayo ndiyo kiini cha himoglobini.

Na si kukhu peke yake anayeziheshimu. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia amezitafiti mboga hizi kwa zaidi ya miaka 30. Alipoanza, wengi waliziita magugu, na baadhi ya watu bado wanaziita hivyo. Nendeni soko la Kitale au la Chwele leo mwone kama magugu huuzwa kwa bei ile!

Hata hivyo, sitaki kuwadanganya kama walivyofanya wale wa upande wa kuunga mkono. Mboga ikipikwa ovyo haina faida. Wengi wetu huchemsha sageti, kisha tunamwaga maji ili kuondoa uchungu. Foleti huyeyuka katika maji, kwa hivyo sehemu yake nzuri inakwenda mtaroni. Tena tunazipika kwa saa nyingi hadi zigeuke uji, na moto mwingi unaiharibu. Halafu tukishamaliza kula, tunashushia na chai nzito ya rangi. Tanini iliyo katika chai hushikana na madini ya chuma tumboni yasiingie mwilini. Angekula chungwa au kipande cha nanasi badala yake, vitamini C ingeyasaidia madini hayo kuingia. Chai yenyewe isubiri saa moja au mbili. Wakenya kusubiri chai, najua, ni kama kumwambia jogoo asiwike.

Pia madini ya chuma yaliyo katika majani huingia mwilini kwa shida kuliko yale ya nyama. Mjamzito ambaye damu yake tayari imepungua hawezi kuitegemea sahani peke yake. Ndiyo sababu kliniki zetu hutoa tembe zenye miligramu 60 za chuma na mikrogramu 400 za asidi ya foliki, na mama huagizwa kumeza moja kila siku. Nimesikia akina mama wakisema kwamba tembe hizo huwaletea kichefuchefu na kufanya choo kiwe cheusi, kwa hivyo huziweka juu ya kabati zikae hapo na vumbi. Choo cheusi hakina madhara. Kichefuchefu kikizidi, muuguzi anaweza kumshauri amezee chakula au usiku kabla ya kulala. Lakini ataulizaje ikiwa anaogopa kukemewa? Nitarudi kwa jambo hili la kukemewa.

Jambo jingine linalonishangaza ni yale mawe laini yanayouzwa sokoni, odowa. Utawaona akina mama wajawazito, na hata wasichana wa shule (mnajijua), wakiyatafuna kama biskuti. Hamu ya kula udongo mara nyingi huandamana na upungufu wa damu. Udongo wenyewe hauiongezi hiyo damu, na aina nyingine za udongo huzuia chuma kuingia mwilini. Basi anayetamani mawe apimwe damu, asichekwe.

Nimesema kuna mmea wa aina ya pili, uliotolewa dawa ndani yake ikapimwa. Hapa waliopinga hoja waliteleza vibaya, maana walisema hospitali haina habari na mimea. Malaria ndiyo mfano bora. Vimelea vya malaria vikiingia katika chembe nyekundu za mjamzito, chembe hizo hujificha kwenye kondo la nyuma na kung'ang'ania pale. Mwaka wa 1996 watafiti Michal Fried na Patrick Duffy, wakitumia makondo ya akina mama waliojifungua hapa kwetu Kenya, walionyesha ni kitu gani katika kondo ambacho chembe hizo hushika. Mama anaweza kuwa anatembea, anachota maji, hana homa kali, na huku mlango wa hewa ya mtoto umejaa wageni. Mtoto anazaliwa akiwa na uzani mdogo, au anafia humo.

Ni nini kilichowaokoa watu kwa muda mrefu? Gome la mti. Mti wa sinkona wa Amerika ya Kusini ulitoa kwinini, na mwaka wa 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, waliitenganisha dawa yenyewe na gome. Kisha kukaja mmea wa jamii ya pakanga kutoka Uchina. Bibi Tu Youyou na wenzake, katika mwaka wa 1972, waliupata mwilini mwa mmea huo kiini kinachoitwa artemisinini, baada ya yeye kusoma katika kitabu cha kale cha tiba, chenye umri wa zaidi ya miaka 1,600, kwamba majani yalowekwe na kukamuliwa. Akang'amua kuwa moto ulikuwa unaiharibu dawa. Alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka wa 2015. Tembe tunazopewa leo kliniki tukiugua malaria zina mtoto wa kiini hicho ndani yake, zikiwa zimechanganywa na dawa nyingine, na tangu mwaka wa 2022 Shirika la Afya Duniani limeruhusu mchanganyiko huo utumiwe hata katika miezi mitatu ya kwanza ya mimba.

Sasa sikiliza hili, kwa sababu hapa ndipo penye shina la hoja yangu. Shirika hilo hilo linalopendekeza tembe hizo linakataza watu kuitegemea chai ya mmea huo huo. Mmea ni ule ule! Tofauti ni kwamba kikombe kimoja cha chai kina dawa nyingi, kingine kina kidogo, na hakuna ajuaye. Ikiwa kidogo, vimelea havifi vyote; vinavyobaki vinajifunza kuishi na dawa. Kwa hivyo anayesema mimea haina nguvu amekosea, na anayesema mmea ni salama kwa kuwa umetoka shambani amekosea zaidi.

Siku hizi kuna wanasayansi wanaotafuta viini vingine vya mimea ambavyo vinaweza kuukinga ubongo wa mtoto ikiwa oksijeni itapungua. Vingi ni vya kundi liitwalo polifenoli, ambavyo ndivyo huipa matunda rangi kali na ukakasi mdomoni. Mwaka wa 2005 watafiti wa St. Louis, Marekani, waliwapa panya wenye mimba maji ya komamanga, tunda ambalo wengi wetu huku tunalijua kutoka hadithi za pwani. Watoto wa panya hao walipozaliwa na kunyimwa oksijeni, sehemu ya ubongo iliyoharibika ilipungua kwa zaidi ya asilimia 60 ukilinganisha na wale ambao mama zao hawakunywa. Ni habari ya kusisimua. Nami niliposoma nilitaka kupiga ukemi. Lakini panya si shangazi yako.

Kiini kingine ni resveratroli, kinachopatikana katika zabibu na, kwa kiasi kidogo, katika njugu karanga zetu hizi. Usikimbilie Chwele kununua gunia kwanza. Huko Oregon, Marekani, mwaka wa 2014, nyani wenye mimba walipewa resveratroli nyingi. Damu inayokwenda kwenye uterasi iliongezeka, jambo ambalo ndilo lililotarajiwa. Ila walipowachunguza watoto, kongosho zao zilikuwa zimekua kupita kiasi. Kule Brazili, daktari wa moyo Paulo Zielinsky na wenzake waliona kwamba mama akila na kunywa vitu vyenye polifenoli nyingi sana mwishoni mwa mimba, kama vile chai ya kijani na maji ya zabibu, kuna mshipa mdogo karibu na moyo wa mtoto ambao huanza kujibana kabla ya wakati wake. Walipowapunguzia akina mama vitu hivyo, mshipa ulirudi katika hali yake. Yaani, kitu hicho hicho kinamsaidia mtoto hapa na kumbana pale, na kipimo ndicho hakimu. Njugu kidogo za jioni hazina neno, endelea kutafuna. Vidonge na maji yaliyokolezwa yanayouzwa kwa jina la kumkinga mtoto, hayo mjamzito asiguse hadi amwulize daktari.

Nakuja sasa kwenye mmea wa aina ya tatu, kikombe. Msomaji, hapa sina mzaha.

Katika vijiji vingi vya kwetu, uchungu wa kuzaa ukichelewa, mama huletewa kikombe cha mizizi au majani yaliyochemshwa ili mtoto ashuke haraka. Jambo hili haliko kwetu tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari Lorents Gran kutoka Norway alikuwa Kongo na Msalaba Mwekundu. Aliwaona akina mama wakinywa chai ya mmea walioiita kalata-kalata wakati wa kujifungua, na uchungu wao ukaja kwa nguvu nyingi. Aliuchukua mmea huo akauchunguza, na kilichopatikana ni kiini kigumu ajabu ambacho hata maji yanayochemka hayakiharibu. Muundo wake wa mviringo ulijulikana kamili mwaka wa 1995. Wanasayansi wanakienzi hadi leo. Kwa hiyo usije ukaniambia kikombe ni maji tu. Kinafanya kazi. Hatari yake ni hiyo hiyo, kwamba kinafanya kazi.

Misuli ya uterasi inapojibana, inaibana pia mishipa inayoleta damu kwenye kondo. Kwa muda huo mtoto anaishi kwa pumzi aliyoikopa. Misuli ikilegea, damu inarudi, naye anapata nafuu kabla ya uchungu unaofuata. Ndivyo ilivyopangwa: kubana, kupumzika, kubana, kupumzika. Sasa mpe mama dawa ambayo kipimo chake hakijulikani, uchungu ufuatane bila nafasi katikati. Mtoto atapumua saa ngapi? Hospitalini pia wana dawa ya kuongeza uchungu, sikatai. Lakini inaingia tone kwa tone, na mkunga anahesabu: uchungu ukizidi mara 5 katika dakika 10, dawa inafungwa. Tena anasikiliza moyo wa mtoto kwa kile kidude kama tarumbeta ndogo, na anajua unapaswa kupiga kati ya mara 110 na 160 kwa dakika. Kikombe kikishanywewa, hakuna koki ya kukifunga.

Nina binamu ambaye nitamwita Wafula, ingawa si jina lake. Ana umri wa miaka 9. Hawezi kushika kijiko wala kukaa bila kuegemezwa, lakini anacheka vizuri kuliko sisi sote, na akisikia gari la baba yake analijua kutoka mbali. Shangazi alijifungulia nyumbani kwa mkunga mmoja kijijini baada ya siku nzima na usiku wa uchungu, na humo katikati alikunywa kikombe. Mtoto alitoka wa rangi ya samawati, kimya. Alilia baadaye sana. Daktari alisema ni mtindio wa ubongo, kwamba ubongo ulikosa oksijeni wakati wa kuzaliwa. Mimi sisemi kikombe ndicho kilichofanya hivyo. Huenda uchungu ule mrefu peke yake ulitosha, na hakuna aliyesikiliza moyo wa mtoto ili tujue. Ninachosema ni kwamba majirani walimaliza mwaka mzima wakitafuta mchawi. Shangazi aliambiwa amelaaniwa, akaacha kwenda kanisani. Hakuna hata mmoja aliyemweleza habari za damu na kondo, jambo ambalo sisi tunaliandika kwenye mtihani na kupewa alama.

Najua mtakachouliza. Kwa nini asiende hospitali? Mnamo Juni 2013 serikali iliondoa ada ya kujifungua katika hospitali za umma, kwa hivyo wakati ule pesa haikuwa kisingizio. Haya, nisikilizeni. Mwaka huo huo wa 2013, mwezi wa Agosti, mama mmoja alijifungulia sakafuni katika hospitali ya umma mjini Bungoma, na badala ya kusaidiwa akapigwa na kutukanwa. Kesi ilikwenda Mahakama Kuu, na mwaka wa 2018 jaji akaamua kwamba haki zake zilikiukwa, akaamuru alipwe shilingi milioni 2.5. Habari hiyo ilifika kila kijiji kabla ya gazeti. Shangazi aliijua. Kukhu huwa hamtukani mtu. Anampa mgonjwa kiti, anamwita mwanangu, anamwekea maji ya moto. Ukimpa mama uchaguzi kati ya mkono unaojua na mkono unaopenda, usishangae akichagua unaopenda, hasa usiku, hasa mvua ikinyesha na barabara ya udongo imekuwa ugali.

Kwa hivyo sikubaliani na wale waliosema ukumbini kwamba wakunga wa jadi wakamatwe. Wakikamatwa, kikombe kitajificha, hakitaisha. Kukhu mwenyewe aliacha kuzalisha miaka kadhaa iliyopita. Sasa kazi yake ni kuwasindikiza akina mama hadi kituo cha afya, na anaketi nao hadi mwisho. Nilimwuliza kuhusu kikombe. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mjukuu wangu, mboga ni ya miezi tisa. Ukingoja siku ya uchungu ndipo utafute mti wa kukusaidia, umechelewa." Nami nilimwambia habari za kuhesabu uchungu katika dakika 10. Akasema yeye alikuwa akihesabu pia, kwa mkono juu ya tumbo, na kwamba uchungu usiopumzika ulikuwa ukimtisha hata wakati ule. Jambo hilo halikutajwa na mtu yeyote katika mjadala wetu, kwa sababu hakuna aliyemwuliza mkunga.

Neno dogo pia kuhusu moshi, maana kuni nazo ni mmea. Jiko la mafiga katika nyumba isiyo na dirisha hutoa kaboni monoksidi, ambayo hushikamana na himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mjamzito anayekaa hapo saa tatu akipika mrenda wa kumwongezea damu anaipokonya damu hiyo kazi yake. Wavulana wa shule hii, mnaojisifu kwa misuli, toboeni dirisha jikoni kwa mama zenu likizo hii. Ni kazi ya asubuhi moja.

Nina maombi mawili. Kwa chama cha Kiswahili: tukirudia mjadala ule, hoja iandikwe upya, na tumwalike mkunga mmoja wa kijiji na muuguzi mmoja wa kliniki waketi meza moja. Kukhu amekubali kuja kama nauli italipwa. Kwa mwalimu wa Kilimo: lile shamba la nyuma ya bwalo limepandwa sukuma wiki mstari kwa mstari tangu niingie Kidato cha Kwanza. Naomba matuta mawili tu ya sageti na managu. Wapishi wetu wanasema zitakuwa chungu na wanafunzi watazimwaga. Zikipikwa kwa maziwa hazimwagwi, nimeona kwa macho yangu chungu kikipanguswa. Mbegu ninazo, zimo katika kopo la kakao chini ya kitanda changu, na zinatosha matuta hata manne.